Ndugu wa Jukwaani

Rwamishenye, usiku wa kuamkia safari yako

Koku mwanangu,

Nasikia zipu ya begi lako inavyokwama. Mama yako amekwambia uipake sabuni, nawe umemjibu kwa ile sauti yako ya kununa, sauti yenye adabu nyingi na isiyo na kitu kingine ndani yake. Kati yetu kuna ukuta mmoja tu. Ningeweza kunyanyuka nikagonga mlango wako, lakini nikigonga tutaanza tena pale tulipoishia mezani, na sote wawili tuna ulimi uleule, wako umeurithi kwangu. Kwa hiyo naandika. Nitaipitisha barua hii chini ya mlango wako kabla sijalala, kama nitalala, na nakuomba uisome kabla hatujatoka kwenda stendi.

Mambo ya pasi ya kusafiria, dawa za malaria, koti la baridi na Misa ya Jumapili mama yako ameshayamaliza, tena kwa kurudia. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, nalo ndilo lililomwaga chakula mchana wa leo.

Uliniomba vitu viwili. Kwanza kile kibuyu kidogo cha bibi yako wa Kimwani, alichokuwa akiwekea akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Pili uliniomba nikufundishe maneno ya kiapo cha omukago, yale wanayosema watu wawili wanapogawana buni moja na kuwa ndugu mpaka kufa. Ulisema hoteli ya Kampala imekuajiri kwa ajili ya mchezo huo hasa. Wameona video zako kwenye simu, na wageni wao wanataka kitu ambacho hawatakikuta Nairobi wala Kigali. Kila jioni mgeni atapanda jukwaani, atagawana buni nawe, ataitwa ndugu, atapigiwa makofi na kupigwa picha. Uliyasema yote hayo kwa furaha, macho yanang'aa. Mimi nikasukuma sahani ikaanguka. Nilisema imeteleza, lakini haikuteleza.

Ndipo ukasema, "Tata, wewe uliiua Bustani kwa woga wako. Mimi usiniue."

Mama yako aliinama akaanza kuokota ndizi sakafuni. Anajua kila kitu, na miaka yote hii hajakwambia kwa sababu nilimwomba asikwambie, kwa hiyo usimlaumu. Umesema kweli kuhusu woga, ila umekosea siku. Siku nilipoufuta mchezo ule pale ukumbini kwetu Bustani sikuwa mwoga. Woga wangu ulikuwa siku nyingine kabla ya hapo, na hiyo ndiyo ninayotaka kukusimulia.

Wewe ulikuwa bado shule ya bweni Bustani ilipokuwa Bustani kweli. Unayoikumbuka ni ile ya mwishomwisho, viti vimepauka na nusu ya taa zimekufa. Mimi nakumbuka uwanja wa nyasi kule chini karibu na ziwa, na jukwaa lililokuwa chini ya msonge niliouezeka kwa nyasi za Kimwani. Nakumbuka wafanyabiashara waliotoka Mwanza wakiwa bado wanayumbayumba kwa meli, Wazungu waliokatisha kutoka Uganda na vumbi la barabarani kwenye nyusi, madereva wa malori, watafiti wa hiki na kile. Walikula ndizi na sato wa kuchoma, na msimu wa senene ukifika tuliwaletea sahani ndogo ya panzi hao wa kukaanga tukawatazama wanavyojikaza. Aliyetaka rubisi alipewa kwa kibuyu, aliyeogopa alipewa bia. Ngoma zilianza, dijei akafuata, na katikati ya vyote hivyo nilikuwa mimi na kipaza sauti. Mshereheshaji wa Bustani. Mji mzima ulinijua kwa ulimi, na ulimi huo unaoulalamikia ndio uliokusomesha.

Kwenye video zako unawaambia watu kwamba mchezo ule ni mila ya wazee wetu. Hapana, Koku. Mila ni ya wazee, mchezo ni wangu mimi. Mchezo huo ulizaliwa jioni moja ya manyunyu, umeme umekatika, wageni wachache wanaanza kutafuta makoti yao. Mshereheshaji hakuna anachokiogopa kuliko ukimya, na mimi nilikuwa naogopa kuliko wenzangu wote. Nikaingiza mkono mfukoni nikakuta akamwani. Nikamwita mgeni mmoja jukwaani, nikasimulia jinsi wazee walivyofanya undugu: wanachanjana, kila mmoja anapaka buni damu ya mwenzake, anameza, na tangu hapo nyumba ya huyu ni ya yule, na msiba wa yule ni wa huyu. Damu niliiacha nje kwa sababu watu walikuwa wanakula. Nikaipasua buni, nikawaonyesha zile punje mbili zinavyolala ndani zikitazamana, moja nikampa mgeni, moja nikatia kinywani. Ngoma zikalia. Mgeni akanikumbatia, watu wakasahau mvua, hakuna aliyekwenda kulala mapema.

Kesho yake wakauomba tena. Baada ya muda watu walikuwa wanatoka mpakani na neno hilo mdomoni, kwamba ukifika Bukoba nenda mahali pale ukapate ndugu. Siku nyingine nilikuwa napandisha wageni watano au sita kwa jioni moja. Na hapa nakwambia jambo ambalo hakuna video itakayokuonyesha. Mimi nilikuwa simezi. Niliiweka punje chini ya ulimi, nikasema maneno, nikampiga mgeni mgongoni, kisha nikageukia ngoma kubwa kana kwamba nampa ishara mpigaji, nikaitema kwenye kopo. Kopo la maziwa ya unga, lilikaa nyuma ya ngoma siku zote. Nilijiambia kahawa nyingi itaniharibia tumbo. Nadhani ndani yangu nilijua sababu nyingine, lakini sikuwa mtu wa kujiuliza maswali wakati makofi yanapigwa.

Sasa kuna mtu anaitwa Kizito. Jina hilo hujapata kulisikia humu ndani, na hilo nalo ni kazi yangu.

Kizito alikuwa dereva wa lori kutoka Masaka. Alipeleka mizigo ya madukani hadi Biharamulo, na akipita Bukoba alilala hapa. Mtu mkubwa wa mwili, anacheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Jioni aliyokuja Bustani mara ya kwanza hakukuwa na Mzungu aliyetaka kupanda jukwaani, nikamnyooshea yeye kidole. Alipanda akicheka. Nilipoipasua buni aliacha kucheka akavua kofia yake. Kwao Buganda omukago upo, na buni ni ileile, nami sikulifikiria hilo hata kidogo. Alimeza. Kisha alinishika mkono muda mrefu mpaka wapigaji wakalazimika kurudia wimbo kutoka mwanzo.

Baada ya onyesho alinifuata. Akaniuliza ukoo wangu, jina la mama yangu, majina ya watoto wangu. Nilimjibu haraka haraka huku natazama meza nyingine, lakini nilimjibu, na jina lako alilishika. Tangu siku hiyo akifika Bukoba haulizi kama kuna chumba, anauliza, "Koku wetu hajambo?" Alileta mananasi. Alimletea mama yako sufuria. Na lile begi lako la shule la bluu, lenye mifuko ya pembeni, ulilolipenda mpaka ukalala nalo, halikununuliwa na mimi. Lilitoka Masaka kwenye kiti cha mbele cha lori. Ulinishukuru mimi, na mimi nikapokea shukrani.

Haya. Sasa nikueleze kuhusu simu moja. Ilikuwa Jumamosi. Kundi kubwa la wasafiri lilikuwa limeiweka Bustani yote, na tangu asubuhi nilikuwa natundika taa na kugombana na wapishi. Simu ikatoka Muleba, askari, mtu mpole tu. Akasema kuna dereva wa lori amemgonga mwendesha pikipiki kwenye barabara ya Kimwani, mguu umevunjika lakini mtu yuko salama. Dereva ni raia wa Uganda, hawezi kutoka bila mdhamini mkazi wa huku. "Ametupa namba yako," akasema. "Anasema wewe ni ndugu yake."

Mama yako alikuwa ameshika ncha ya pili ya waya wa taa. Alinitazama, nami nikageuka upande wa ziwa. Niliwaza haraka sana, Koku, huwezi kuamini jinsi mtu anavyoweza kuwaza haraka akitafuta pa kutokea. Dhamana ingetaka mali, na mali yangu ilikuwa kibanja cha Kimwani, migomba na mibuni ya bibi yako. Kizito akivuka mpaka wa Mutukula asirudi, nimekwisha. Na wageni wanafika jioni. Na mimi namjua vipi hasa mtu huyu? Sababu zangu zilikuwa nzuri, mpaka leo nikizipanga naona ni nzuri, ndiyo maana sikupigana nazo sana. Nikamwambia askari, "Huyo ni mteja tu. Mimi sina ndugu Uganda."

Mama yako alisema niende hata kumwona, nimpelekee chakula, kumdhamini tutajua hukohuko. Nikamwambia wageni wanakuja. Akaweka waya chini akaingia jikoni.

Jioni ile niliwapandisha wasafiri jukwaani mmoja baada ya mwingine. Nilisema "kuanzia leo nyumba yangu ni nyumba yako" kwa Kihaya, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza changu cha kubabaisha, watu wakafuta machozi ya furaha, na kutoka pale mpaka Muleba ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari. Hakuna aliyejua isipokuwa mama yako. Alikuwa anasikia kila neno kupitia dirisha la jikoni, na hakutoka nje mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka. Nilijitia hamnazo, nikamsifia samaki wake.

Kizito alikaa ndani wiki kadhaa, mpaka watu wake walipohangaika wakapata mtu wa kumdhamini. Katika wiki hizo mama yake alifariki Masaka, akazikwa bila yeye. Hayo niliyasikia kwa madereva wenzake, na niliyaitikia kwa "pole yake" kama mtu anayesikia habari za mbali.

Alikuja mchana, siku ya mazoezi. Mimi na wapigaji tulikuwa jukwaani, jua limewaka, viti vimepinduliwa juu ya meza. Nilimwona amesimama pale nyasi zinapoanzia, amevaa shati lililonyooshwa vizuri, amekonda. Nikaagiza aletewe soda, akaikataa kwa mkono. Ngoma zikanyamaza zenyewe. Nilitamani ardhi inimeze, na kwa kuwa haikunimeza nilianza kuongea, maana ndiyo kazi niliyoijua. Nilisema habari za wageni wa Jumamosi ile, za kibanja, za sheria. Yeye alisikiliza mpaka nikaishiwa. Mwisho nikasema, "Kizito ndugu yangu, ule ulikuwa mchezo wa wageni."

"Kwako ulikuwa mchezo," akasema. "Mimi nilimeza."

Halafu akapanda jukwaani, taratibu, akazunguka nyuma ya ngoma kubwa. Sijui alikuwa anatafuta nini, labda mahali pa kukaa. Kopo lilikuwepo. Mpigaji mmoja alijaribu kulisogeza kwa mguu lakini alikuwa amechelewa. Kizito aliinama akatazama ndani, zile punje za wiki nzima zimekauka na mate, zimeshikana. Sikumwona akikasirika, na ingekuwa nafuu kwangu kama angekasirika.

"Mama alikufa anajua nina ndugu upande huu," akaniambia. "Nilimwambia mwenyewe." Akavaa kofia yake akaondoka kuelekea barabarani alikoacha lori.

Ningeweza kumkimbilia. Miguu nilikuwa nayo, na uwanja haukuwa mkubwa. Badala yake niliwageukia wapigaji nikasema haya, tuanze tena. Hakuna aliyeinua mkono. Walinitazama tu, watu ambao nilikuwa nawachekesha kila siku, mpaka nikashuka jukwaani nikaenda kukaa ufukweni.

Jioni hiyohiyo niliufuta mchezo. Niliwaambia watu naumwa koo, kisha nikasema umepitwa na wakati, kisha nikaacha kueleza. Waliokuja kwa ajili yake wakahamia kumbi nyingine, dijei akafuata wageni, taa zikaanza kufa moja moja. Uliporudi likizo ukaniuliza kwa nini sisimami tena jukwaani, nilikufokea. Basi hiyo ndiyo habari ya kufa kwa Bustani. Unaweza kuiita woga ukitaka, mimi naiita aibu. Lakini sijui kama kuna tofauti kubwa kwa mtoto aliyekuwa anaona baba yake anashinda ndani amejifunga shuka.

Sasa nikurudie wewe. Usidhani naidharau kazi unayoiendea. Nimeifanya, naijua, na atakayekwambia ni kazi ya wahuni mwambie aje azungumze nami. Msafiri akishakula chakula cha jioni katika mji asioujua anabaki na saa ngumu sana. Chumba cha hoteli ni kidogo, nyumbani kwake ni mbali, na huko nje kuna taa. Anatoka kwenda kwenye taa. Kumpokea mtu huyo, kumchekesha, kumpa muziki wa mahali alipofika na kumrudisha kitandani salama ni jambo jema kabisa. Nilipolifanya vizuri nililala vizuri.

Ila kuna kitu nilichelewa kukiona. Kwao msafiri anatazamwa na watu wanaomjua, kwa hiyo anajizuia. Huku hakuna anayemjua, kwa hiyo anafunguka. Anatoa asichopanga kutoa, anaamini asichoamini mchana, na sisi wa kumbi tunaishi kwa kufunguka huko. Nilikuwa na binti mmoja mchezaji ngoma, anatoka Kahororo, mchezaji hasa. Mteja mmoja mkubwa akawa anamfuatafuata. Binti akanieleza, nami nikamwambia atabasamu tu, mtu ataondoka kesho kutwa. Alitabasamu jioni ile, na kesho yake hakuja, wala hakuja tena maishani. Sikuwahi kwenda kwao kuuliza. Niliweka mwingine mahali pake, nikaendelea kutangaza kwamba Bustani ni nyumbani kwa kila mtu.

Ukifika huko, nenda ukumbini asubuhi, kabla ya wafagiaji. Mimi nilianza kufanya hivyo baada ya Kizito, na nilikuwa nimeshachelewa. Asubuhi utakuta kandambili moja, kitambaa cha mtu, harufu ya bia iliyomwagika, utaona jukwaa ni mbao tu na misumari. Utajua kilichobaki baada ya maneno yako. Jioni hutaweza kukiona, utakuwa umepofuka kwa taa, na ninasema hivyo nikijua jinsi ulivyo mkali wa macho.

Na kuhusu buni. Nimejiuliza sana, Koku. Katika wageni wote niliowapandisha jukwaani, wengi wao walicheka, wakapiga picha, wakasahau kabla hawajavuka mpaka. Labda wote. Lakini mmoja alimeza, na siku ile sikuweza kumtofautisha na wenzake. Alikuwa anacheka kama wao. Nawe hutamjua wako. Atapanda jukwaani siku moja, mwenye simu mkononi na kofia kichwani, na utamwita ndugu, na yeye ataondoka na neno hilo akaliweke mahali. Linaniogopesha hilo kuliko madereva wa Kampala, kuliko wanaume wake, kuliko vyote alivyokuorodheshea mama yako.

Nilijaribu kumtafuta. Sitaki udhani nilikaa tu, ingawa kwa kweli zaidi nilikaa. Nilimtumia Kizito salamu kupitia kwa madereva wa mabasi. Mara ya kwanza hakujibu. Nilipotuma tena, jibu likarudi fupi: "Aje mwenyewe." Lori ameshaacha, ana duka la vipuri pale unapoingia Masaka, kando ya barabara kuu, na basi utakalopanda kesho linapita mbele ya mlango wake. Nikasema nitakwenda mavuno ya kahawa yakiisha. Nikasema mvua zikipungua. Tetemeko likapasua ukuta wetu, nikasema nikimaliza kuujenga. Ukuta umeshajengwa na kupakwa rangi mara mbili tangu hapo, na kila basi la Uganda likipita Rwamishenye mimi natazama chini.

Leo mchana ulipokitaja kile kibuyu, niliona jukwaa, niliona wewe umesimama juu yake na ulimi wangu mdomoni mwako. Ndiyo sababu ya sahani. Nilikuwa nakasirika na wewe kwa kosa langu, nakuomba unisamehe.

Kibuyu nimekiweka mezani karibu na chupa ya chai. Ni chako. Bibi yako angekupa wewe kuliko kunipa mimi, na ndani nimekijaza akamwani ya mibuni yake mwenyewe. Hata ukiamua kuucheza mchezo kila jioni, sitakulaani wala sitakataa kupokea simu yako. Wewe ni mtu mzima, na hoteli imekuajiri wewe, haikuniajiri mimi. Ila maneno ya kiapo siyaandiki hapa. Nilishayatumia vibaya mara nyingi mno kuweza kuyaweka kwenye karatasi.

Ulipojifungia chumbani baada ya ugomvi, ulisikia pikipiki ikiondoka ukadhani nimekwenda kunywa. Nilikwenda stendi kukata tiketi. Kiti changu kiko nyuma ya chako. Pasi yangu bado haijaisha muda, niliitafuta chini ya godoro nikaikuta na picha ya mtu mwenye nywele. Mama yako ameninyooshea shati bila kuniuliza ninakwenda wapi, na alipomaliza alilitundika mlangoni akaligusa kola, basi.

Mimi nashuka Masaka. Wewe unaweza kuendelea na safari yako, sitakuvuta mkono. Lakini kama unayataka maneno yale, shuka nami. Magari ya Kampala yanapita pale mchana kutwa, na kazini hutakiwi mpaka Jumatatu. Utayasikia yakisemwa mara moja kwa kweli, kama yeye atakubali kuyasema na mimi. Baada ya hapo utaamua mwenyewe kama ni kitu cha kupandisha jukwaani. Na huenda asikubali. Huenda akanitazama kama alivyolitazama lile kopo, akafunga duka lake mbele yangu, nawe ukasimama pale barabarani ukimtazama baba yako hana la kusema. Hilo ndilo linalonifanya nifute na kuandika upya mstari huu, maana kwa miaka mingi nimejitahidi usinione hivyo. Nikinyamaza njiani usidhani nimenuna, nitakuwa naogopa tu.

Zipu yako imefunga hatimaye, nimeisikia. Lala kidogo.

Kutoka kwenye kibuyu chako nimechukua buni moja. Nimeifunga kwenye leso, iko kwenye mfuko wa lile shati. Nusu ni ya Kizito, akiitaka. Nusu ni yangu, na safari hii nitameza.

Tata